Fyuzi Iliyokosekana Chini ya Kiti

Reijo Tervonen aliendesha lori la magogo kwa miaka thelathini na minne katika barabara za misitu ya jimbo la Kainuu, na kwa muda wote huo hakuwahi kumpigia fundi simu akiwa njiani. Lori likigoma, alishuka, akavaa glavu, akalishughulikia hadi likakubali, hata kama nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri na kope zinashikana kwa barafu. Kwa hiyo asubuhi moja katikati ya Mei, alipofungua banda, akaketi juu ya pikipiki yake, akageuza ufunguo na isiwake hata taa moja, hakupata wasiwasi. Barafu ilikuwa imetoka ziwani siku nne tu nyuma. Muda ulikuwepo. Alishuka polepole, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo kumfuata kama ulivyozoea siku hizi, akaenda kutafuta spana.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kijapani, silinda mbili, ya mwaka 1982, rangi yake nyekundu imefifia kwenye tangi pale magoti yanapogusa. Aliinunua kwa mwalimu mmoja wa Kuhmo mwaka ambao binti yao Outi alianza kuota meno. Tangu hapo kila Oktoba aliilaza kwa utaratibu uleule. Alijaza tangi hadi mdomoni ili lisiingie kutu, akakausha kabureta, akatoa betri na kuipeleka ndani kwenye joto, akaziba bomba la moshi kwa matambara. Na kila Mei iliwaka bila kumsumbua sana, ikakohoa mara mbili tatu kama mtu aliyeamshwa mapema, kisha ikatulia.

Safari hii ilikuwa imelala majira mawili ya baridi mfululizo, na aliyeilaza hakuwa yeye. Septemba ya mwaka juzi Reijo alipigwa na kiharusi barabarani. Wakati yuko hospitalini Kajaani akijifunza upya kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, shemeji yake Kauko, mdogo wa mke wake Irja, aliifuata pikipiki kando ya barabara ilipoachwa, akaisukuma hadi ndani ya banda, akaifunika turubai na kufunga mlango. Alifanya kwa moyo safi. Ila betri hakuitoa, kabureta hakuzikausha, na petroli iliachwa nusu tangi.

Reijo alianza na betri. Kipimo kilionyesha volti nne. Akaiweka kwenye chaja siku nzima, na jioni ikaonyesha volti nne na nusu, akajua hiyo ni ya kutupa. Kesho yake akaendesha gari mwenyewe hadi mjini, jambo ambalo daktari alimruhusu kuanzia mwezi Machi, akarudi na betri mpya. Akafunga waya mwekundu kwanza, kisha mweusi, akakaza nati kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishikilia tu. Akageuza ufunguo.

Kimya. Si taa, si mlio.

Akaangalia swichi nyekundu ya kuzimia injini, maana wapo wanaume wazima waliobomoa pikipiki nzima kumbe swichi hiyo imezimwa. Ilikuwa sawa. Akasugua vichwa vya betri kwa brashi ya waya. Kimya. Ndipo akafungua kiti na kutazama kisanduku cha fyuzi.

Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali chini ya kiti, vumbi la miaka miwili, laini na la kijivu. Kwenye kifuniko cha kisanduku peke yake palikuwa na alama za vidole, tena vidole vidogo. Akakifungua. Fyuzi kuu haikuwepo, na zile mbili za akiba zinazokaa upande wa ndani wa kifuniko nazo hazikuwepo. Reijo alisimama pale akiwa ameshika kifuniko. Fyuzi huungua. Haipati miguu ikaondoka.

Kauko alifika saa nne, kama alivyofika karibu kila siku tangu Reijo atoke hospitali, kwa kisingizio kimoja au kingine. Siku hiyo alileta samaki wawili wa kuvuta moshi ndani ya gazeti. Alikuwa mtu mnene mwenye kupenda maneno, jambo ambalo sehemu zile huonekana kama ulemavu mdogo, na Reijo alimzoea.

"Shemeji," Reijo alisema bila kugeuka, "hii uliilaza au uliizika?"

"Mimi nilijitolea kusukuma. Ufundi sikuahidi mtu."

"Kuna kiota cha panya kwenye chujio la hewa."

"Basi ningewatoza kodi."

Reijo akamwonyesha kisanduku kitupu. Kauko akainama, tumbo likimzuia, akatazama.

"Panya," akasema.

"Panya wamekula fyuzi tatu?"

"Panya wa huku wana shida, shemeji. Wanakula wanachopata."

Halafu akaziona alama za vidole kwenye vumbi. Akazitazama, akainua macho akatazama dirisha la jikoni kule nyumbani. Papo hapo alikumbuka kwamba ameacha viazi jikoni kwake, umbali wa kilomita nane, akaaga.

Reijo angeweza kuingia ndani na kuuliza. Hatua ishirini na tano zilitosha. Badala yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa manyoya na nyasi za kiota kwa koleo ndefu, kidogo kidogo, hadi chujio likabaki tupu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomshangaza. Alichokuwa nacho ni woga fulani wa kusikia jibu. Irja hakuwa mtu wa kufanya hila. Katika ndoa yao ya miaka thelathini na sita, akitaka kusema hapana alisema hapana, na sauti ilisikika hadi gatini kule ziwani. Ikiwa safari hii alikwenda bandani kimyakimya akafungua kiti, basi neno lenyewe lilikuwa zito kiasi cha kushindwa kulitamka. Reijo naye hakuwa na hamu ya kulibeba.

Siku ya tatu akanunua fyuzi pale kwenye duka la vipuri vya matrekta. Aliirudisha mahali pake, akageuza ufunguo, na taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akabonyeza kitufe cha stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka, lakini haikushika. Akavuta choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi. Ikazunguka tena bure. Akaacha, maana betri mpya nayo si ya kuchezea.

Sasa alikuwa anaelekea kuifurahia kazi. Injini ya petroli, aliwahi kumwambia Outi alipokuwa mtoto, inataka hewa, petroli na cheche, na ikipata vyote kwa wakati wake haina sababu ya kununa. Hewa ilikuwa tayari, kiota kimetoka. Akafungua plagi. Akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akabonyeza stata, na cheche ya bluu ikaruka. Akafanya hivyo kwa ya pili, nayo ikaruka. Lakini ncha za plagi zote mbili zilikuwa kavu kama mifupa iliyoanikwa juani. Petroli haikuwa inafika.

Akachomoa mpira wa petroli chini ya tangi. Kilichotoka kilikuwa cha rangi ya chai iliyokolea na kilinuka kama rangi ya kupaka mbao. Akamwaga yote kwenye dumu la taka na kutia mpya. Bado. Kwa hiyo tatizo lilikuwa mbele zaidi, ndani ya kabureta zenyewe, mbili, moja kwa kila silinda. Akazifungua kwa asubuhi nzima, kazi ambayo zamani ingemchukua saa moja. Vibakuli vya chini vilipotoka, ndani palikuwa na utando wa kijani unaonata kama gundi. Petroli ya Kauko ilikuwa imekauka humo ikaziba vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupitishia petroli, ambavyo mafundi huviita jeti. Tundu la jeti ndogo halifiki unene wa unywele wa farasi. Lile tundu lilikuwa ndilo ugonjwa wote.

Na hapo Reijo alikwama.

Alijua la kufanya. Ni kufungua jeti kwa bisibisi nyembamba, kuloweka, kuzibua kwa waya mwembamba, kupuliza, kurudisha. Lakini kazi hiyo inataka mikono miwili yenye akili sawa, na wake wa kushoto ulikuwa umerudi na nguvu bila akili. Ungeweza kubeba ndoo ya maji hadi sauna. Kushika kitu cha ukubwa wa punje ya mchele haukuweza. Jeti ya kwanza ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Akapiga magoti, akaipata. Ikaanguka tena. Mara ya tatu ilibingirika chini ya rundo la kuni, naye akalala kifudifudi juu ya zege baridi akimulika tochi, akapapasa kwa nusu saa. Alipoipata hakuinuka mara moja. Alibaki pale chini, shavu likigusa zege, akaviona viatu vya mpira vya Irja mlangoni.

"Umeanguka?" Irja akauliza.

"Hapana. Natafuta kitu."

"Umekipata?"

"Nimekipata."

"Basi inuka."

Hakumsaidia kuinuka. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amewakataza hilo tangu mwanzo, na Irja aliyafuata masharti kama mwanajeshi. Alingoja hadi Reijo akasimama, akanyosha kiganja, akaichukua jeti, akaitazama dhidi ya mwanga wa mlango.

"Imeziba," akasema.

"Ndiyo."

"Kuna ngapi?"

"Nne. Na vijitundu vingine mwilini mwa kabureta."

Irja alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika karakana ya meno ya bandia mjini Kajaani. Kazi yake ilikuwa kuchonga na kupaka rangi meno ya mbele, lile jino ambalo mtu akicheka halitakiwi kutofautiana na jirani yake. Alistaafu mapema kwa ajili ya ugonjwa wa mumewe, lakini vifaa vyake hakuvirudisha vyote. Alizikusanya kabureta ndani ya sinia la kuokea mikate, akatangulia nyumbani.

Alitandika magazeti juu ya meza ya jikoni, akafungua dirisha kwa sababu ya harufu, akawasha taa yake yenye kioo cha kukuza. Akatoa mkoba wa ngozi wenye sindano, vikwangulio na waya nyembamba kama nywele. Reijo akakaa upande wa pili kumwelekeza. Alisema lipi litoke kwanza na lipi lisikazwe sana, akaonya kwamba ile pini ya boya la petroli isipindwe hata kidogo. Irja alifanya bila kuuliza mara mbili. Jeti ya kwanza ilikubali baada ya dakika kumi. Aliishika dhidi ya taa, na kwenye tundu lake pakaonekana nukta ya mwanga, safi, ya duara.

Walifika jeti ya tatu kabla ya yeyote kusema neno lisilohusu kabureta.

"Fyuzi niliitoa mimi," Irja akasema, macho yakiwa kwenye kioo.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Leo Ijumaa, Reijo."

"Nilikuwa nashughulikia mambo mengine."

Irja akaweka waya chini, akafuta vidole kimoja baada ya kingine kwa kitambaa. Alisema aliitoa mwezi Machi, jioni ileile ambayo daktari aliandika kwenye karatasi kwamba Reijo anaruhusiwa kuendesha gari na pikipiki. Daktari yule hakuwepo barabarani siku ile ya kiharusi. Aliyekuwepo ni yeye, nyuma ya mgongo wa Reijo, ndoo ya matunda ya beri imebanwa kati yao, wakitoka msituni. Pikipiki ilianza kuvuta kushoto. Alidhani mumewe anakwepa shimo. Kisha ikapunguza mwendo, ikaingia kwenye majani, ikasimama, na Reijo akatamka neno moja, *shuka*, na baada ya hilo yaliyotoka mdomoni mwake hayakuwa maneno tena. Simu haikushika mtandao pale. Alisimama katikati ya barabara dakika arobaini hadi lori la maziwa likatokea.

Reijo alizijua habari hizo kama mtu anavyojua habari za mwingine. Mwenyewe alikumbuka beri zilizomwagika tu. Zile dakika arobaini hakuwahi kuzisikia.

"Ulinishika?" akauliza.

"Nilikushika kichwa. Ulikuwa unajaribu kurudi juu ya pikipiki."

"Hilo silikumbuki."

"Mimi nalikumbuka." Akauchukua waya tena. "Nilidhani ukikuta haiwaki utachoka. Utaiuza. Sikufikiri vizuri. Mtu aliyelala kwenye barafu usiku kucha chini ya lori atachoshwa na fyuzi?"

Reijo alitaka kusema jambo zuri, lakini tangu augue maneno mazuri yalichelewa kufika, na hata kabla ya hapo hayakuwa yakifika mapema. Akasema anaweza kuiuza kama Irja anataka iuzwe. Alisema hivyo kwa dhati, na Irja alisikia kwamba ni kwa dhati.

"Ulikuwa unaongea na nani bandani wiki hii?" Irja akauliza.

"Sikuongea na mtu."

"Umeongea siku nne. Nilikuwa nasikia kutoka hapa. Unaiambia pikipiki fanya hivi, ngoja kidogo. Majira yote ya baridi ulikuwa unanijibu mimi kwa ndiyo na hapana, na mtaalamu wa kuongea analipwa ili akufanye useme sentensi moja." Akapuliza jeti ya nne, akaitazama. "Usiiuze. Lakini mimi nyuma sipandi. Mwaka huu sipandi."

"Sawa."

"Na nitakuwa nyuma yako na gari."

"Hadi lini?"

"Hadi nitakapoona inatosha."

Zile fyuzi tatu zilikuwa ndani ya bakuli la sukari lisilotumika, juu ya kabati. Alizishusha akampa, akaenda kuchemsha kahawa.

Jumamosi walizirudisha kabureta mahali pake, Irja akikaza skrubu ndogo na Reijo zile kubwa. Kauko alifika na mkate mtamu wa iliki kutoka kwa mke wake, akawakuta wote wawili wamechafuka mikono, akasita kidogo mlangoni kusoma hali ya hewa. Alipoona ni shwari, akaingia akatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Reijo alifungua petroli, akangoja vibakuli vijae, akavuta choki, akabonyeza stata. Ikazunguka, ikapiga mshindo mmoja, ikazimika. Akabonyeza tena. Ikashika silinda moja, ikatetemeka kama mbwa aliyetoka majini, moshi mweupe ukajaa banda, kisha ya pili nayo ikaamka na sauti ikawa ile aliyoijua. Kauko akakohoa akakimbilia nje. Irja hakukimbia. Alisimama na kitambaa chake mkononi, akasikiliza, akasema ya kushoto inachelewa. Ilikuwa kweli. Reijo akageuza skrubu robo mzunguko, zikalingana.

Hakupanda siku hiyo. Matairi yalitaka upepo, breki ya mbele ilitaka kufunguliwa, na bima ilikuwa haijarudishwa. Jumatano ndiyo alitoka. Alikwenda hadi kwenye masanduku ya barua na kurudi, kilomita mbili na nusu. Mkono wa kushoto uliivuta klachi vizuri mara sita na mara ya saba ukaanza kusitasita, akasimama kando akaupumzisha. Nyuma yake, hatua hamsini, gari la Irja likasimama pia, taa zimewashwa, likangoja.

Walikwenda hivyo wiki tatu. Kila siku waliongeza kidogo, na kila siku pikipiki ilitangulia kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa, gari la kijivu likifuata. Wanakijiji waliinua mikono kwa heshima. Kauko alisema amemsikia mtu dukani akiuliza ni mheshimiwa gani anatembelea jimbo.

"Mwambie ni waziri wa barabara," Reijo akajibu, na hiyo ilikuwa sentensi nzima, bila kukwama.

"Waziri gani anachungwa na mke wake?"

"Anasindikizwa, shemeji. Kuchungwa ni wewe."

Katikati ya Juni mkono ulikuwa unaivuta klachi mara thelathini kabla ya kuomba ruhusa. Ulikuwa haujawa ule wa zamani, na Reijo alishaelewa kwamba huenda usiwe. Safari ya pwani ya Norwei waliyoizungumzia tangu Outi aolewe aliifuta mwenyewe bila kuambiwa, akasema watakwenda na gari, na Irja akakubali bila kujitia kumfariji.

Siku moja ya Alhamisi walikuwa wanaelekea kwa Kauko. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na changarawe ilikuwa imeshikana vizuri. Walipofika njia panda penye duka, Reijo akatazama kwenye kioo cha pembeni kama alivyozoea, akaliona gari likiwasha taa ya kukunja kulia. Akadhani ameona vibaya. Akatazama tena. Gari lilikuwa linaingia uwanja wa duka, na nyuma yake barabara ilikuwa tupu.

Akapunguza mwendo, nusu ya kusimama. Kisha akakanyaga gia na kuendelea, kilomita tano zilizobaki, msitu pande zote mbili na ziwa likionekana mara mojamoja katikati ya miti. Alipofika kwa Kauko alizima injini, akavua glavu kwa meno, akapiga simu kusema amefika.

Irja alikuwa kwenye foleni. Alisema sawa, anakuja baadaye, na je, kwa Kauko mayai yapo au anunue?